Miwani ya rangi haitamfundisha mwanao kusoma

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Anaongea vizuri na hesabu za kichwa anazipata, lakini kusoma ni vita. Anachanganya b na d, na neno alilolisoma mstari wa juu halitambui mstari wa chini. Daktari wa macho kasema macho yake ni mazima. Sasa kuna kituo kimempima, wanasema ubongo wake unaona herufi kinyume. Wanataka avae miwani ya rangi kwa miezi 6, afanye mazoezi ya macho na ale vidonge vya kuongeza akili. Shule nayo inataka akariri darasa. Baba yake pia alisumbuka sana na kusoma utotoni. Tufuate lipi? *Mama wa watoto watatu*

Jibu: Marahaba, mama. Msifuate lolote kati ya hayo mawili, na kama hela ya kituo hamjailipa, ishikeni. Uliyoyaeleza, pamoja na hilo la baba yake, yanaelekeza kwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika, ambao hutembea sana katika ukoo. Siwezi kuithibitisha kwa barua; hilo ni kazi ya mtaalamu atakayekaa naye. Macho mmekwisha kupima, vizuri. Pimeni na masikio, maana mtoto asiyesikia sawasawa tofauti ya s na sh atahangaika kuziandika hata kama hana disleksia.

Ila hilo la "ubongo unaona herufi kinyume" siwezi kulipita. Karibu kila mzazi anayenifikia ameshaambiwa maneno hayo, na ndiyo yanayofungua mlango kwa wauza miwani.

Mwanao haoni d palipo na b. Anaona b ileile unayoiona wewe. Jaribu leo: andika b, herufi ndogo lakini kwa mwandiko mkubwa, kwenye karatasi, iache mbele yake, mwambie aichore. Ataichora ikiwa imeelekea upande wake sawasawa. Sasa ifunike umuulize inatoa sauti gani. Hapo ndipo anapokwama, kwenye kuifunga herufi na sauti yake. Kuiona ameiona.

Kwa nini basi b na d? Tangu mtoto azaliwe, ubongo wake umejifunza kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kushoto au kulia. Kisu, kiatu, paka, vyote havibadiliki jina kwa kugeuzwa. Halafu anaingia darasani na kukutana na vitu vya kwanza maishani mwake ambavyo ukivigeuza vinakuwa kitu kingine. Ndiyo maana watoto wengi wa miaka 5 au 6 huandika herufi kinyume, wakiwemo watakaokuja kusoma bila shida yoyote. Mwenye disleksia huchelewa kuliacha hilo kwa kuwa kamba inayofunga sauti na herufi kwake ni dhaifu. Kuchanganya herufi ni alama inayoachwa na tatizo, chanzo kiko kwenye sauti za lugha.

Dhana ya macho ina historia yake. Mwaka 1877 Adolf Kussmaul, daktari Mjerumani, aliandika juu ya "upofu wa maneno". Mwaka 1887 Rudolf Berlin, daktari wa macho, akaleta neno disleksia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, akaeleza habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri aliyeshindwa kusoma. Watoto wa namna hiyo walipelekwa kwa madaktari wa macho, kwa hiyo jicho likashutumiwa kwanza. Utafiti ulishahama zamani. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na madaktari wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja: mazoezi ya macho na lenzi za rangi havina ushahidi wa kisayansi wa kutibu matatizo ya kujifunza. Waliotia sahihi ni madaktari wa macho wenyewe.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaosoma Kiswahili. Lugha yetu inaandikwa jinsi inavyotamkwa, na hilo ni neema, lakini pia humficha mtoto. Anaimba ba be bi bo bu na darasa zima hadi mwisho. Weka kidole kwenye "bo" peke yake, utamsikia anaanza upya kutoka "ba" chinichini hadi aifikie. Niliwahi kuletewa msichana wa miaka 10 ambaye mwalimu wake aliapa kwamba anasoma. Akasoma ukurasa mzima bila kosa. Nikaufunika kwa kiganja, akaendelea kusoma. Nikamwandikia maneno yasiyo na maana, "zomi" na "mbaku". La kwanza akalisoma "somo". La pili alitazama m na b, akasema "mbuzi". Miaka yote hiyo alikuwa akikisia na kukariri, na hakuna aliyegundua kwa sababu alikuwa mtulivu.

Mfanyie mwanao jaribio kama hilo, bila kitabu. Mwambie aseme "kalamu" bila "ka". Kisha mwambie: "paka", ondoa p uweke sh. La silabi huenda akalipata. La sauti mojamoja likimshinda katika umri wa miaka 9, umeshajua mafundisho yaanzie wapi.

Yaanzie kwenye sauti. Kila siku, dakika 20 hadi 30, yeye na mwalimu au yeye na wenzake wawili watatu. Sauti moja na herufi yake hadi ishike, ndipo inayofuata. Anaisema, anaiandika, anaisoma ndani ya maneno yaliyoundwa kwa herufi alizokwisha kufundishwa tu. B na d zisifundishwe wiki moja. Moja ikomae kwanza. Miambatano kama mb, nd na nj ije baadaye, na ng ya "ngoma" itengwe kabisa na ng' ya "ng'ombe". Kila wiki mbili mpe matini ya kiwango kilekile, hesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja, uandike kwenye daftari. Wiki nane zikipita na hesabu haipandi, badilisheni mafundisho. Msimgombeze mtoto.

Kukariri darasa hakuna lolote kati ya hayo. Ni kumpa mwaka mwingine wa mafundisho yaleyale yaliyomshinda, tena akiwa mkubwa kuliko wenzake. Shule nyingi bado zinafuata mawazo ya zamani, kwamba mtoto hastahili msaada hadi pengo kati ya akili yake na usomaji wake liwe kubwa. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na makuzi, DSM-5 wa mwaka 2013, uliliacha sharti hilo. Unachotazama ni ugumu uliodumu angalau miezi 6 licha ya mtoto kusaidiwa. Lishike hilo neno, *kusaidiwa*. Kaonane na mwalimu mkuu, uombe msaada uanze sasa na uandikwe: nani atamfundisha, siku zipi, atapimwa lini.

Wakati kusoma kunajengwa, masomo mengine yasisimame. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Iwashe asikilize kitabu cha sayansi. Kwenye mtihani aombewe muda wa ziada na asomewe maswali. Hakumfanyi mvivu, sayansi inapima sayansi. Na wazazi wengi hawajui kwamba Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu vinakiliwe kwa namna ambayo wasioona wanaweza kuvitumia, na ulioanza kutumika 2016, hauwahusu wasioona peke yao. Unawataja pia wenye ulemavu wa kusoma. Katika nchi iliyouridhia na kuuingiza katika sheria zake, ulizeni kwenye maktaba inayotengeneza vitabu vya sauti kwa ajili ya wasioona. Huenda mwanao naye ana haki ya kuvitumia.

Nirudi kwa hao wa kituo, kwani hawako peke yao. Leo ni miwani, kesho ni vidonge, keshokutwa ni mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, kutambaa upya kama mtoto mchanga, muziki wa kuamsha upande fulani wa ubongo, michezo ya kompyuta ya "kufungua akili". Majina yanabadilika, lakini vyote vinaahidi kusoma bila mtoto kufundishwa kusoma. Wakikuonyesha mtoto aliyesoma vizuri zaidi mara tu alipovaa lenzi ya kijani, kumbuka kwamba siku hiyo kulikuwa na watu wazima watatu wamemzunguka, kila mmoja akimtia moyo, na kwamba matini huenda aliisoma mara ya pili.

Waulize swali moja: katika saa moja ya huduma yenu, mtoto anasoma na kuandika kwa dakika ngapi? Niliwahi kumuuliza mwenye kituo kimoja. Akaniambia ubongo ukishatengemaa, kusoma kutakuja kwenyewe. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kila mtoto niliyemwona akisoma kuna mtu aliketi naye akamfundisha. Mtu akikuahidi kuponya kabisa ndani ya wiki kadhaa, ondoka. Disleksia haiponi kama malaria. Mtoto hujifunza kusoma akiwa nayo, na wengi hubaki wakisoma taratibu hata ukubwani.

Hasara kubwa kuliko hela ni muda. Kijana mmoja wa miaka 13 aliletwa kwangu na mama yake, amebeba mfuko: miwani miwili ya rangi, chupa za virutubisho, vyeti vya kozi za mazoezi ya kusawazisha mwili. Miaka minne. Nilipomuuliza anaonaje, alisema, "Hata miwani imenishinda." Alikuwa ameamini kwamba vitu vile hufanya kazi kwa watoto wengine na kasoro iko kwake.

Kwa hiyo ninyi mlioandikiwa miwani kama hiyo na tayari mmelipa, msiiondoe kimyakimya. Kaeni na mtoto, mwambieni tuliambiwa vibaya, tukakosea sisi wakubwa, wewe hukukosea kitu. Halafu chukueni karatasi, mwanze na sauti moja, leo jioni.