Zote si zina tarakimu kumi?

Juzi saa tatu usiku nimemkuta kijana wetu mpya ameweka NPI ya kliniki, ile namba ya utambulisho ya watoa huduma za afya wa Marekani, kwenye kisanduku 24J cha fomu ya madai ya bima, ya daktari ameipeleka 33a. Madai 17, yote hivyohivyo. Nikamuuliza imekuwaje. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, zote si zina tarakimu kumi?" Nikaenda kujimiminia chai kwanza, maana na mimi nilipoanza niliwahi kusema upuuzi wa namna hiyo.

Basi wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya madai ya Marekani hapa Arusha, someni kabla zamu haijaanza.

1. NPI ya Aina ya Kwanza ni ya mtu, ya Aina ya Pili ni ya taasisi. 24J ni aliyemhudumia mgonjwa, 33a ni anayelipwa. Daktari anayejitegemea asiye na kampuni ndiye namba yake moja inaweza kukaa kotekote.

2. Msiitafutie namba maana. Najua tumezoea NIDA, ambayo kati ya tarakimu zake 20, nane za mwanzo zinakutaja siku uliyozaliwa. NPI haisemi kitu: si umri, si jimbo, si fani. Mmoja wenu aliniambia daktari fulani lazima ni mzee kwa sababu namba yake inaanza na 10. Nilimwangalia tu. Daktari akihama jimbo, akiolewa, akibadili fani, namba ni ileile. Taarifa zake ndizo zinabadilika, na ana siku 30 za kuzirekebisha kwenye NPPES, daftari la serikali ya Marekani la namba hizi. Mkumbushe.

3. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua namba ya mfano, 1234567893. Iweke pembeni ile 3. Anzia kulia: 9 izidishe mara mbili, 8 iache, 7 izidishe, 6 iache, hivyo mpaka mwisho, jibu likipita tisa, jumlisha tarakimu zake. Utapata 43. Ongeza 24, inayotokana na 80840, kiambishi cha namba za afya za Marekani, zinakuwa 67. Kufika 70 zimebaki 3. Kompyuta inaifanya hesabu hii yenyewe, lakini nataka muijue, kwa sababu ndiyo iliyonilaza usingizi.

4. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, majira ya baridi ya kwao, zamu inaanza saa kumi jioni ndipo New York ni saa mbili asubuhi. Kliniki tuliyokuwa tunaihudumia ilipata daktari mpya na hakuna aliyeniletea NPI yake. Badala ya kuandika barua pepe na kungoja, nikajifanya mjanja. Nikaingia NPPES, si iko wazi kwa kila mtu, nikaandika jina. Huyo hapo juu kabisa, jina lake, fani ileile, 207Q00000X, msimbo wa udaktari wa familia. Nikanakili. Nikapiga hesabu kwa kalamu, ikakubali. Nikajipongeza kwa chips mayai.

Wiki sita nilituma kwa namba ile. Madai 143. Yalikuwa yanapita ukaguzi wa mwanzo bila shida kwa sababu namba ilikuwa halali kabisa; tatizo ni ya mtu mwingine. Yalipoanza kurudi nikalaumu programu, nikalaumu bima, hadi daktari wa watu nikamlaumu. Msimamizi wangu, mama mmoja wa Kimeru asiyepaza sauti, akafungua ule ukurasa, akaweka kidole kwenye kioo, chini ya jina. "Hapa pameandikwa nini?" Ohio. Kliniki yetu iko Pennsylvania. Nilisoma jina, anuani sikuifikia.

Kurudishiwa nilikuwa navumilia. Kilichonikata tumbo ni yale tisa yaliyokuwa yamelipwa, kwa namba ya daktari ambaye hajamgusa hata mgonjwa mmoja wa pale. Hayo hayafichwi: kliniki iliandikiwa, bima zikaandikiwa, tukaanza kusahihisha moja moja. Medicare, bima ya serikali ya Marekani, inatoa mwaka mzima tangu siku ya huduma, lakini bima moja ya binafsi ilikuwa na ukomo wa siku 90 na madai ya mwanzo yaliponea siku nne tu. Nililala ofisini mara mbili. Siku nyingine natoka vifodi vimeshaisha barabarani, natafuta boda mpaka Sakina, mshahara wenyewe mnaujua.

5. Kuomba NPI ni bure; anayemtoza daktari ada ya kujaza anauza huduma yake, si namba.

6. NPI si siri. Namba ya hifadhi ya jamii ya daktari ni siri, na isionekane tena kwenye kile kikundi chetu cha WhatsApp, tafadhali.

7. Jina, anuani, fani, kisha namba. Kwa mpangilio huo.

Na wewe wa tarakimu kumi, yale 17 nimeyarudisha kwenye foleni yako. Ukiyamaliza kabla ya saa sita, chips mayai ninanunua mimi.