Ukali haujazi trei

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 26, nauza chipsi Mwanjelwa, Mbeya. Tangu Januari nimeamua kuishi kama mpiganaji, kama wanavyofundisha kwenye video za simu: naamka saa kumi usiku, naoga maji ya baridi, napiga pushapu mia, na kibandani sitaki mchezo. Vijana wangu wawili wameacha kazi. Mtaji unapungua na sijui unakwenda wapi. Niongeze ukali?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji ya baridi, tena Mbeya! Pole.

Mimi nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Ruvu, mwaka 1988. Enzi zetu ukimaliza kidato cha sita hukuwa na hiari. Utaratibu ulisitishwa 1994, ukarudi 2013. Kwa hiyo hayo ya kuamshwa alfajiri na mchakamchaka nayajua, na mbu wa Ruvu nawajua zaidi. Lakini sikumbuki biashara yangu ya nafaka ikinufaika na pushapu hata moja.

Ninachokumbuka ni siku ya shabaha. Tulipomaliza kufyatua, hakuna kuondoka: kila ganda la risasi linaokotwa na kuhesabiwa. Siku ile likapungua moja. Afande hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Tafuteni," akakaa chini ya mti. Tukapapasa majani kwa magoti mpaka jua likaanza kuzama. Ganda likapatikana kwenye mkunjo wa mkono wa kombati ya kuruta mmoja, na mwenyewe hana habari. Tukahesabu upya, yakatimia, tukarudi kula ugali uliopoa.

Sasa nikuulize: jana ulifungua trei ngapi za mayai? Trei ina mayai 30. Kama zege lako, yaani sahani ya chipsi mayai, ni mayai mawili, trei moja ni sahani 15. Ukiwa umeuza sahani 11 na trei ni tupu, mayai manane yametembea. Huenda yalipasuka, huenda kijana alikula, huenda ni wewe uliyemkaangia rafiki. Usimfokee mtu kabla hujajua ni lipi. Pima na mafuta, hesabu na viazi, kila jioni kabla ya kufunga, mbele ya kijana wa zamu, muandike wote wawili kwenye daftari. Mimi nafanya hivyo na magunia yangu hata nikiwa na homa.

Halafu wewe mwenyewe. Kuruta haingii stoo kujichotea. Anapanga foleni na sahani yake. Jipangie posho ya wiki. Ukitaka vocha, itoke kwenye posho, si kwenye kopo la mauzo. Nina hakika (nisamehe kama nakuonea) kwamba nusu ya jibu la mtaji wako limo humo kwenye kopo.

Wale vijana wawili, kama hukuwamalizia ujira wao, wapelekee wiki hii. Usitume kwa simu, nenda mwenyewe. Mmoja akikubali kurudi, mwanzishie daftari siku hiyohiyo.

Na hiyo saa kumi: kama viazi vinafika sokoni saa kumi na mbili, lala.