Supu ya Jumamosi Hupikwa Ijumaa

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, ukoo wote hukutana kwetu Nakuru. Watu wangu wanashuka kutoka Molo, watu wa mume wangu wanatoka Vihiga, na zamu ya kupokea wageni hubaki kuwa yetu. Watoto wakihesabiwa tunafika watu 20, na baridi ya Agosti hapa wanaoijua wanaijua: ukungu unalala juu ya Menengai hadi saa nne asubuhi, na alasiri mvua inashuka. Mgeni akiingia na koti lililolowa, soda haimfai. Anataka kikombe cha supu kinachofuka moshi.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa najitahidi kupika kila kitu siku ile ile, nikiamini kwamba chakula cha heshima ni kile kilichoepuliwa sasa hivi. Mwaka mmoja ikafika saa nane mchana, macho yananiwasha kwa vitunguu, sufuria tatu ziko motoni, na sijasalimiana na mtu yeyote ipasavyo. Mamamkwe akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na leso yake mabegani. Akaniambia polepole, "Mwanangu, nimesafiri saa nne nije kuutazama mgongo wako?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo lilikaa nami mwaka mzima, na tangu hapo nimebadilisha jinsi ninavyopika. Nimegundua kwamba vyakula vingi tunavyovipenda wakati wa baridi huwa vitamu zaidi siku ya pili. Ukivipika jana, vinakushukuru.

Supu ya mifupa ndiyo ya kwanza. Mimi hununua kilo 3, magoti na miguu ya ng'ombe, na kumwomba mwenye bucha aikate kwa msumeno ili uboho uonekane. Asiipasue kwa shoka, maana vipande vidogo vya mfupa vitakusumbua kwenye kikombe cha mtoto. Ijumaa asubuhi naichoma kwanza juu ya jiko la makaa, robo saa hivi, hadi ipate rangi ya kahawia na mafuta yaanze kudondoka. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayoipa supu rangi na harufu ya nyama choma. Kisha naitia kwenye sufuria na lita 9 za maji baridi. Maji ya moto hukamata povu ndani na supu ikawa na ukungu. Ya baridi hulisukuma povu lipande polepole, nawe unaliengua kwa upawa hadi uso wa maji utulie.

Hapo natia tangawizi iliyopondwa na ganda lake, kitunguu maji kilichokatwa nusu bila kumenywa, karoti mbili, punje za pilipili manga na vikonyo vya dania. Majani ya dania nayaweka kando hadi Jumamosi. Moto unapunguzwa hadi supu iwe inacheka tu pembeni, na hapo inakaa saa tano. Chumvi naitia siku ya kula. Ukiitia mapema, maji yakipungua chumvi haipungui, na utaishia kuongeza maji na kuiharibu supu uliyoihangaikia siku nzima.

Asubuhi ya Jumamosi, ukifunua chombo, utaona mafuta yameganda juu kama sahani nyeupe. Yainue kwa kijiko, yatoke kwa vipande. Usiyatupe: kabichi iliyokaangwa kwa mafuta hayo ina utamu wake. Chini yake supu itakuwa inatikisika kama uji uliolala. Shemeji yangu aliwahi kuniita kwa hofu akidhani imeharibika. Haijaharibika, hiyo ni nguvu ya gegedu na kano za magotini iliyoyeyuka ikaingia kwenye maji, na ikipata moto inarudi kuwa supu. Isipoganda hivyo, jua mifupa haikukaa motoni vya kutosha.

Dada yangu aliyeolewa Mombasa huniuliza kwa nini mapishi yangu yana saa nyingi hivyo. Jibu liko kwenye mlima. Ufuoni kwake maji huchemka yakifika nyuzi 100. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huanza kutokota kwenye nyuzi 94 hivi; hata uchochee moto namna gani, hayapandi zaidi ya hapo. Kwa mama kule Molo ni chini zaidi. Ndiyo maana maharagwe yanayoiva kwa dada yangu kabla ya adhuhuri, kwangu bado yanagonga meno. Ukiwa na sufuria ya presha, hii ndiyo kazi yake. Usipokuwa nayo, ongeza muda na usilaumu maharagwe.

Sasa nizungumzie kupoza, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia, na sitaki mwingine apitie nilichopitia. Kuna mwaka nilipika sufuria kubwa ya supu ya maharagwe usiku wa Ijumaa. Nikaiacha mekoni na kifuniko chake, nikijiambia kwamba Nakuru usiku wa Agosti ni friji tosha. Alfajiri nikafunua. Vipovu vidogo vilikuwa vinapanda vyenyewe, moto ukiwa umezimwa tangu jana, na harufu ya uchachu ikanipiga usoni. Nilimwaga yote. Kilo 4 za maharagwe, na wageni walikuwa wameshaondoka Vihiga.

Baridi ya nje haiingii katikati ya sufuria kubwa. Juu patapoa, pembeni patapoa, lakini moyo wa ile supu unabaki vuguvugu usiku kucha, na uvuguvugu ndio bakteria wanautaka. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 wanazaana, na sufuria iliyofunikwa huwapa saa nyingi za kufanya hivyo. Kuchemsha tena asubuhi si dawa, kwa maana baadhi yao huacha sumu isiyouawa na moto.

Kwa hivyo siku hizi supu ikiepuliwa, naichuja na kuigawa kwenye vyombo vipana visivyo na kina, ijae vidole vinne tu. Beseni la kufulia nalijaza maji baridi ya bomba, naketisha vyombo ndani, nakoroga mara kwa mara. Maji ya beseni yakipata joto nayamwaga na kuweka mengine. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo, chombo unaweza kukigusa bila kushtuka, na hapo kinaingia kwenye friji. Kazi yote isizidi saa mbili tangu kuepua. Mimi humaliza kupika supu Ijumaa saa kumi na moja jioni kwa sababu hiyo: kazi ya kupoza ikiachiwa saa nne usiku, usingizi utashinda.

Na asiye na friji? Usilaze supu. Nakwambia hivyo kwa mapenzi. Lakini bado unaweza kuitanguliza kazi. Ijumaa loweka maharagwe, menya karoti na vitunguu. Mifupa inunue na kuichoma asubuhi ya Jumamosi yenyewe, bucha ikifunguliwa. Kisha tumia kapu. Mama yangu analo kapu kubwa la kupikia bila moto: kikapu cha kawaida kilichoshindiliwa vipande vya blanketi kuukuu pande zote, na mto wa kitambaa juu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anamwaga maji ya kulowekea, anachemsha maharagwe kwa maji mapya nusu saa nzima yakitokota kwa nguvu, kisha sufuria na kifuniko chake inaingia kapuni, inafunikwa, na hakuna anayeruhusiwa kuchungulia. Saa tano hivi inatoka ikiwa imelainika na ingali moto wa kuunguza, anairudisha mekoni ichemke na kumaliziwa. Gunia la makaa linampeleka mbali. Ile nusu saa ya mchemko mkali usiipunguze kamwe: maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili, na joto la polepole peke yake haliiondoi.

Supu ya malenge ni rahisi mno na watoto huimaliza. Malenge lililokomaa, lenye nyama ya rangi ya chungwa, linachemshwa na kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha linapondwa kwa mwiko hadi liwe laini. Hapo unalipoza na kulilaza kwenye friji. Maziwa yanaingia Jumamosi, wakati wa kupasha. Yeyote anayepika chai ya tangawizi anajua siri hii: tangawizi mbichi ikikutana na maziwa, maziwa yanakatika. Ina kimeng'enya kinachoyagandisha, ila ikichemka vizuri kwanza, nguvu hiyo inakufa.

Githeri, yaani mahindi na maharagwe pamoja, naichemsha Ijumaa na kuikaanga Jumamosi. Agosti mahindi mabichi yanapatikana sokoni, na githeri ya mahindi mabichi haina mshindani. Viazi usivilaze ndani yake. Vile vya shangi, ambavyo ndivyo vimejaa sokoni kwetu, huiva haraka na kuvunjika haraka. Ukivipasha mara ya pili utapata uji. Vitie siku ya kukaanga, dakika 15 kabla ya kuepua. Ndengu hulala vizuri. Chapati nazipika Ijumaa usiku, nazipanga na kuzikunja kwenye kitambaa kisafi, kesho yake zinapitishwa tu kwenye kikaango.

Mukimo, vile viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga za majani, sipiki kabla, unachacha upesi. Wali pia usiulaze kwa ajili ya wageni. Una vijidudu vinavyostahimili mchemko, na ukikaa nje vinaamka. Kachumbari hukatwa watu wakishanawa mikono.

Jambo ambalo sikulijua hadi nilipoolewa ni mboga. Kwetu Molo tulizoea sukuma na kabichi, za kukaanga na kula papo hapo. Mamamkwe ndiye aliyenionyesha kwamba managu na saga, ambazo kwao ni lisutsa na tsisaga, hazina haraka hiyo. Anazichambua jani kwa jani akiwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, vikonyo vigumu anavitupa upande wa kuku. Anazichemsha hadi uchungu uanze kulegea, anamwaga maji, anatia maziwa, anatokosa kwa moto mdogo. Halafu anaziacha. Kesho yake anaongeza maziwa kidogo na kuzitokosa tena. Nilipoonja siku ya kwanza nikasema ni tamu. Akatikisa kichwa: "Bado. Ngoja kesho." Kesho yake uchungu ulikuwa umebaki ule wa kuamsha ulimi tu, na maziwa yalikuwa yameingia ndani ya jani lenyewe. Kwangu nazilaza kwenye friji, maana chenye maziwa hakifai kuachwa mezani, lakini ufundi ni ule ule. Ijumaa naanza na mboga kabla ya kitu kingine chochote.

Siku yenyewe, usipashe sufuria nzima kila mgeni anapoingia. Teka kiasi, chemsha hadi itokote hasa katikati wala si pembeni tu, tia chumvi, ndimu kidogo, majani ya dania. Mimi hugawa supu kwenye vikombe vya bati mara tu watu wanapoketi, kabla hata ya salamu kuisha, kama wafanyavyo kwenye vibanda vya nyama choma. Mtu akishika kikombe cha moto kwa mikono miwili mabega yanashuka, na mazungumzo yanaanza. Baba mkwe hapendi kukaa ndani. Anapelekewa ya kwake kwenye thamosi kule nje chini ya mti, pamoja na kikombe cha ziada kwa yeyote atakayemfuata.

Mwaka jana saa sita na nusu nilikuwa nimeketi sebuleni, aproni imetundikwa. Mamamkwe alinisogezea nafasi kwenye kochi akanisimulia habari za harusi ambayo sikuwa nimeisikia yote, tangu mwanzo, bila mtu kuniita jikoni.

Ninachobakisha hugandisha kwenye mikebe ya aiskrimu ya lita 2, isijae hadi juu kwa sababu supu hufura ikiwa barafu. Wakati wa kuondoka naufunga mkebe kwa magazeti mengi, naukunja ndani ya leso na kumpa mamamkwe aubebe mapajani kwenye matatu. Jioni hunipigia kusema wamefika, na kwamba katikati bado pana kibonge cha barafu, kwa hivyo ameutia sufuriani moja kwa moja.