Barua kwa mwanangu: ukipewa timu mbili

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uchukue kazi ya kufundisha timu zote mbili za soka, ya wanaume na ya wanawake, kwenye chuo kidogo kama kile nilichosoma mimi hapa Marekani. Timu mbili, mshahara mmoja. Nami nakuuliza: zikicheza siku moja, nani anapewa saa ya taa, ile ya usiku watu wakishajaa?

Usicheke. Unajua msemo wangu, ratiba haidanganyi.

Enzi zetu wanawake tulianza saa kumi na moja, watu wangali makazini. Wanaume waliingia saa moja na nusu, jukwaa limejaa. Ile mechi ambayo baba yako huitia chumvi kila tukipata wageni ilikuwa ya mwisho kwangu uwanja wa nyumbani. Bila kwa bila. Si unajua saa ya soka ya vyuo huhesabu kurudi nyuma? Mtangazaji akazihesabu sekunde kumi za mwisho hadi sifuri, tukaingia muda wa ziada. Wanaume walishatoka kupasha misuli, na badala ya kungoja nyuma ya goli wakawa wanapasiana kwenye mstari wetu wa pembeni. Mkurugenzi wa michezo, kikombe cha kahawa mkononi, akamwendea mwamuzi wa akiba kuuliza tutamaliza lini. Tutamaliza lini! Nilikuwa natenga kona, mpira wao ukaja kunigonga kifundo cha mguu. Nikaupiga ukavuka uzio hadi kwenye maegesho ya magari. Mwamuzi akajifanya anatazama kwingine. Kona yenyewe haikuzaa kitu, lakini hakuna bao nililowahi kufunga lililonipa raha kama shuti ile.

Utaniambia sheria ipo. Ipo: Title IX ya 1972, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na kanuni zake za 1975 zinataja wazi upangaji wa saa za mechi na mazoezi. Ila wa kutusemea alikuwa kocha, na kocha wetu alikuwa wa timu zote mbili. Amlalamikie nani, nafsi yake?

Ingawa hapo hapo najipinga. Mwenye timu zote mbili ndiye anayeweza kusema wiki hii wanawake saa moja na nusu, wiki ijayo wanaume, na asiwepo kocha mwenzake wa kununa. Kisha najipinga tena: kocha Anson Dorrance alizishika zote mbili Chuo Kikuu cha North Carolina, akatwaa ubingwa wa kwanza wa wanawake wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, mwaka 1982, na bado kufikia 1988 timu ya wanaume aliwaachia wengine. Na kile ni chuo kikubwa chenye fedha. Wewe utakuwa Divisheni ya Tatu, daraja la tatu la NCAA, ambako kumlipia mchezaji masomo kwa sababu ya mchezo wake hakuruhusiwi. Kila mchezaji utamshawishi kwa maneno matupu, wa kike na wa kiume, na Agosti hadi Novemba hutalala.

Nilishaandika jibu langu hapa, nikalikata. Baba yako amesema nikuache uamue mwenyewe, na kwa shingo upande nakuacha. Lakini kabla hujasaini waombe ratiba ya msimu uliopita, ile yenye saa. Wakisita kuitoa, nipigie hata usiku wa manane.

Mama yako