Sailensi ikicheza, weka bisibisi chini kwanza

Vijana wangu, jana jioni nimerudi gereji nikakuta ile Corolla 110 nyeupe iko chini ya mwembe, boneti wazi, na mmoja wenu ameinamia throtoli, ule mlango wa hewa ya injini, ana bisibisi mkononi anazungusha skrubu ya kizuizi. Nikamuuliza unafanya nini mdogo wangu, akasema "bosi gari haina sailensi, naipandisha kidogo isizime", yaani ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta uko chini. Sikumgombeza mbele ya mteja ila usiku usingizi ulinigomea, maana hiyo bisibisi nilishawahi kuishika mimi, kwenye skrubu hiyo hiyo, na najua inampeleka mtu wapi. Kwa hiyo leo naandika. Sitaeleza plagi ni nini, hizi injini za 5A na 4E mnazijua kuliko namba zenu za NIDA.

1. Muulize mwenye gari mpaka achoke

"Inazima" peke yake siyo ugonjwa. Inazima asubuhi ikiwa baridi au ikishachemka? Ukiwasha AC? Ukiwa kwenye D umeshika breki? Inakata ghafla kama mtu kazima swichi au inatetemeka kwanza ndo inakufa? Ikikata ghafla mawazo yako yaende kwenye umeme: distributa, koili, waya wa ethi. Ikihangaika kwanza, tafuta hewa na mafuta. Ya asubuhi tu, anza na sensa ya joto la maji. Ya AC tu, angalia ile valvu inayoongeza hewa kompresa ikiingia. Ya baada ya mvua ni waya za plagi, subiri giza, zima taa za gereji, puliza maji kidogo kwa chupa, cheche utaziona zinaruka kwa macho yako.

Na andikeni maneno ya mteja kama alivyoyasema yeye. Dada mwenye hii 110 alipoiacha asubuhi alisema inazima "nikikanyaga breki". Nimefungua daftari nimekuta imeandikwa "gari inazima". Breki hamna. Neno zima la maana limebaki mlangoni.

2. Skrubu ya throtoli siyo dawa ya sailensi

Ile skrubu yenye nati iliwekwa kiwandani kipepeo, kile kibati cha ndani ya throtoli, kisikwame kwenye ukuta, basi. Ukiizungusha, kipepeo kinabaki wazi kidogo, swichi ya sailensi kwenye sensa ya throtoli haifungi tena, na kompyuta inaamini dereva bado amekanyaga mafuta. Ikishaamini hivyo inaacha kusimamia sailensi. Au swichi inabaki imefunga huku mzunguko uko juu, inafika mahali kompyuta inakata mafuta, unashuka, inarudisha, unapanda, gari inaanza kupumua kama mtu mwenye pumu. Wewe unaona umepandisha sailensi, kumbe umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, na fundi atakayefuata atapata kazi ya kutofautisha upi wako na upi wa gari.

Gari haina sailensi, osha throtoli na valvu ya sailensi iliyo chini yake, kaboni ikijaa pale haichezi. Hakikisha rejeta imejaa maji na haina hewa, maana maji yanapita pale pale chini ya throtoli.

3. Tafuta silinda iliyolala, isiyofanya kazi, kabla hujanunua chochote

Chomoa soketi za nozeli, zile zinazopuliza mafuta, moja moja injini ikiwa inaunguruma. Ukichomoa na mzunguko usishuke, hiyo ndo imelala. Msichomoe waya za plagi kama mnavyopenda, mtapigwa shoti na mafuta ambayo hayajaungua yanakwenda kuua katalaiza ya mtu, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Zikishuka zote nne sawasawa acheni kuwinda silinda moja, tafuteni kitu kinachozigusa zote.

4. Plagi zinaongea

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka minne kwenye kazi, najiona nimeshakuwa fundi. Akaja mama mmoja, mwalimu, anaishi Kigamboni, ana 110 ya 5A aliyoinunua kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Gari ikichemka sailensi inashuka, inatetemeka, akifika kwenye foleni inazima. Nikaunganisha TE1 na E1, yale matundu ya kuiuliza kompyuta makosa, kwa kipande cha waya, taa ya injini ikapepesa kwa mpigo mmoja bila kupumzika, yaani hamna namba ya kosa. Nikajiambia sensa zote nzima. Nikafungua plagi, zote nne nyeusi, masizi makavu kama sufuria ya kuni.

Pale pale gari ilikuwa imeshaniambia kila kitu. Plagi moja nyeusi ni shida ya silinda moja. Zote nne kwa weusi ule ule, kuna kitu kimoja kinazilisha zote mafuta kupita kiasi. Mimi nikasema plagi zimechoka, nikafunga mpya. Gari ikatulia siku mbili, siku ya tatu mama karudi. Nikafunga waya za plagi, kifuniko cha distributa na rota. Karudi tena. Nikabadilisha pampu ya mafuta, hebu fikirieni, gari inalia imeshiba mpaka inatapika na mimi naiwekea pampu mpya. Jumla ilifika laki tatu na themanini pamoja na ufundi, na yule mama kila nikimtajia spea alikuwa anaiandika kwenye daftari la shule, mstari kwa mstari, anauliza "na hii mwanangu kazi yake nini?" na mimi namjibu kwa uhakika kabisa.

Mara ya nne sikuwa na kitu kingine cha kubadilisha. Nikashika bisibisi. Nikapandisha skrubu mpaka sailensi ikafika mizunguko 1,200 kwa dakika, gari ikaacha kuzima, nikaizungusha mtaani mara mbili, nikampigia simu nikamwambia mama gari imepona njoo uchukue.

Daraja la Kigamboni, lile la kutokea Kurasini, lilikuwa bado, lilifunguliwa 2016, kwa hiyo mtu wa Kigamboni akija mjini ni kivuko au azunguke mbali. Asubuhi ya pili yuko kwenye foleni ya kivuko, jua limeshatoka, injini imechemka, wajukuu wake wawili nyuma wamevaa sare. Kufika kwenye mteremko wa kuingilia, gari ikatetemeka ikazima. Akashika breki, haidrovaki, kile chombo kinacholainisha breki kwa mvuto wa injini, ilikuwa imebaki na pumzi moja, alipoachia akashika mara ya pili na ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe. Gari ikateleza kwenda mbele taratibu ikamgonga kijana aliyekuwa anasukuma guta la nazi. Kijana aliruka, alichubuka goti tu, Mungu alisaidia. Guta likapinduka, nazi zikaanza kubingirika zinaingia majini moja moja, watu wanapiga kelele, watoto wanalia ndani ya gari.

Alinipigia simu akiwa pale pale. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, uliniambia imepona." Akakata. Nimeshatukanwa na wateja wengi, nimesahau karibu wote, ile sentensi naikumbuka mpaka sauti ya honi ya kivuko nyuma yake.

Gari ikavutwa mpaka kwa mzee mmoja Keko, fundi wa enzi za kabureta, nikaenda huko kwa miguu yangu. Shikamoo mzee, marahaba, akaniambia washa. Hakushika chombo chochote. Akapitisha vidole chini ya mpira wa sensa ya vakyumu, yaani ya kupima mvuto huo wa injini, ule mwembamba unaotoka manifoldi, bomba la kugawia silinda hewa, kwenda kwenye sensa pale ukutani, akafika mwisho wake akaukunja kidogo. Upande wa chini, usioonekana ukisimama, kulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Ukiwa wa baridi umefumba. Mpira ukipata moto unalainika, ufa unafunguka. Akaniuliza, "Huu uliushika?" Sikuwa nimeushika. Akachukua wembe, akakata sentimita mbili za mwisho, akausukuma tena kwenye sensa, akarudisha skrubu yangu ilipokuwa. Sailensi ikakaa 750, sindano imetulia kama imechorwa.

Elewa kilichokuwa kinatokea. Ufa ukifunguka sensa inaonja hewa ya nje, inaiambia kompyuta vakyumu imeshuka, kompyuta inadhani gari inapanda mlima na mzigo, inamwaga mafuta. Ndo weusi wa plagi zote nne. Na namba 31, ya kosa la sensa hiyo, haikutokea kwa sababu kompyuta inalalamika waya ukikatika au ukipiga shoti. Sensa ikidanganya ndani ya kiwango, kompyuta inaamini. Kwa hiyo kukosa namba maana yake ni kwamba nyaya zimeunganika, hakuna zaidi.

Yule mama nilimrudishia hela yote kwa miezi mitatu, na guta la yule kijana tulilitengeneza. Alipokea, akashukuru, gari akawa anaipeleka kwingine. Ilikuwa haki yake.

5. Hewa ya wizi haifanani kwenye gari zote

Gari yenye mita ya kupima hewa inayoingia injini, mpira ukipasuka baada ya mita, hewa inaingia bila kuhesabiwa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, inazima. Gari ya sensa ya vakyumu, hewa ile inahesabiwa, kwa hiyo mara nyingi sailensi inapanda au inacheza juu chini, ingawa tundu kubwa la ghafla linaweza kuizima hata hiyo. Usitumie dawa ya mwenzako kabla hujajua gari yako ni ya ukoo gani. Kutafuta ni rahisi, bana mipira mmoja mmoja kwa koleo uliyoifunga kitambaa, mlio ukibadilika umempata mwizi. Kumtafuta kwa kupuliza spreyi ya kabureta kwenye manifoldi ya moto naomba muache, kupuliza maji kunatosha.

6. Yale ya haraka

Chomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta ya mafuta, ukinusa petroli ndani daiaframu, ule utando wake wa mpira, imetoboka. Geji ya vakyumu hapa Dar inasoma kama inchi 18 mpaka 20 kwenye injini nzima, ukienda Iringa au Mbeya inashuka inchi tano hivi kwa sababu ya mwinuko, msiue injini ya mtu bure. Valvu zikibana, gari inakuwa nzima ikiwa baridi na inamisi ikichemka, pima kompresheni injini ikiwa ya moto. Ukichomoa betri, iache gari ijifunze sailensi upya kabla hujaihukumu.

7. Hii 110 ya jana

Skrubu nimeirudisha mwenyewe usiku kwa fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, na sailensi imekaa vizuri tu. Nikakanyaga breki, ikatetemeka. Nikabana mpira mkubwa wa haidrovaki kwa koleo, nikakanyaga tena, ikatulia. Daiaframu ya haidrovaki imepasuka. Mnaelewa hapo? Tungempa yule dada gari yenye sailensi ya juu, breki zinaondoka taratibu, na yeye anashuka nayo Kimara kila asubuhi na foleni yote ile mbele yake.

Sijaifungua. Leo saa mbili, kabla ya chai, nataka kila mmoja aingize kichwa chini ya usukani injini ikiwa inaunguruma, akandamize pedali kwa mkono, asikilize ule mlio wa hewa nyuma yake. Aliyeshika bisibisi jana ataanza yeye, afu ndiye atakayenisaidia kufunga mpya, na mteja akija ndiye atakayemweleza tumekuta nini.