Hawajafungwa hata mechi moja, na bado wameachwa nje

Maswali mengi mliyonitumia safari hii ni ya jambo moja: nani anazipanga nafasi za timu za futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile ya kubeba mpira mkononi, na kwa haki gani. Nimeishi huku miaka mingi, na kila Jumamosi kuanzia Septemba nipo mbele ya runinga. Nayajibu kama shabiki mwenye donge moyoni.

Kwa nini wasicheze ligi kama sisi? Mwenye pointi nyingi achukue kombe, yaishe. (Msomaji, Morogoro)

Ingekuwa raha sana. Ligi Kuu ya kwetu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu msimamo hauna mjadala. Huku daraja la juu la vyuo lilikuwa na timu 136 msimu wa 2025, na kila timu hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi, yaani zile ligi zao ndogo ndogo. Mchezo wenyewe ni wa kugongana mwili kwa mwili, hakuna kijana anayeweza kuucheza mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo timu mbili kubwa zinaweza kumaliza msimu hazijakutana, wala hazijacheza na mpinzani mmoja wa kuwapima wote wawili.

Hapo ndipo watu wanapopewa kalamu. Kura ya shirika la habari la AP ilianza mwaka 1936: kila mwandishi anataja timu 25, ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, hivyo hivyo hadi ya mwisho inayopata 1. Makocha wakaanzisha kura yao mwaka 1950. Kwa miaka mingi sana bingwa wa taifa alipatikana kwa kura hizo, bila fainali yoyote. Msimu wa 1997 waandishi walisema Michigan, makocha wakasema Nebraska. Kila chuo kikaondoka na taji lake, na hawakucheza hata dakika moja kuamua.

Orodha ya kwanza inatoka Agosti, mpira hata haujarushwa. Wanaangalia nini? (Msomaji, Minneapolis)

Wanaangalia jina la chuo, wachezaji waliobaki na msimu uliopita. Mwaka 2024 Florida State walipewa nafasi ya 10 kabla ya msimu. Wakashinda mechi 2, wakapoteza 10. Mwaka 2025 Texas walianza wa kwanza na Penn State wa pili, na wote wawili hawakuingia kwenye mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa. Indiana, waliokuja kuwa mabingwa kwa kushinda mechi 16 bila kufungwa, walianzia nafasi ya 20.

Kukosea Agosti si dhambi. Kinachoniuma ni kwamba makosa yale yanaganda. Aliyeanza wa tano akifungwa, utasikia amefungwa na timu nzuri, anashuka kidogo tu. Aliyeanza nje ya 25 anashinda wiki hadi wiki ndipo jina lake litajwe. Kamati ya mtoano, yaani wale wanaochagua timu za kuingia humo, hutoa orodha yake ya kwanza Novemba, lakini wajumbe wake nao wanasoma magazeti, na kufikia wakati huo wameshaziona orodha za wengine miezi miwili na zaidi.

Shikamoo kaka. Mume wangu ni shabiki wa Florida State. Ikitajwa 2023 hali chakula. Mwambie asahau. (Msomaji, Houston)

Marahaba dada. Samahani, hilo siwezi kumwambia.

Nieleze kwa wasiojua. Wakati huo timu nne tu ndizo zilizoingia kwenye mtoano. Florida State walikuwa wanashinda kila wiki, wakiongozwa na Jordan Travis, kwotabeki wao, yule anayepokea mpira kila shambulizi na kuamua aurushe au akimbie nao. Novemba 18, dhidi ya North Alabama, akavunjika mguu. Waliobaki hawakukunja jamvi. Wakaenda kwa mahasimu wao Florida wakashinda 24 kwa 15, na kwotabeki wa pili alipoumia kichwa, fainali ya konferensi wakaicheza na kijana wa mwaka wa kwanza, chaguo la tatu. Louisville wakafungwa 16 kwa 6. Haukuwa mpira wa kupendeza, lakini ngome ya ulinzi ilisimama imara mwanzo hadi mwisho. Mechi 13, ushindi 13.

Kesho yake, Jumapili ya Desemba 3, saa sita mchana, nilikuwa sebuleni kwa rafiki yangu, tukisubiri kamati itangaze timu nne. Mkewe alikuwa amepakua pilau, sinia liko mezani, hakuna aliyenawa. Wakataja Michigan, Washington, Texas. Nafasi ya nne ikatokea nembo ya Alabama, timu iliyokuwa imefungwa na Texas mwezi Septemba, nyumbani kwake, 34 kwa 24. Rafiki yangu hakupiga kelele. Alichukua kidhibiti akazima runinga, akabaki anakitazama kile kidhibiti mkononi. Pilau ililiwa jioni.

Kamati ilieleza kuwa bila Travis timu ile si ile tena, na kanuni zao kweli zinaruhusu kuzingatia mchezaji muhimu anayekosekana. Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone timu ile ilikuwa zaidi ya mtu mmoja. Kijana amevunjika mguu, halafu anauona mguu wake kama ndio uliowaponza wenzake. Mimi sentensi ile haijanitoka.

Na tusisahau ya msimu wa 2014, mwaka wa kwanza wa mtoano huo. Ohio State walifika kwenye fainali yao ya konferensi na kwotabeki wa chaguo la tatu, Cardale Jones. Wakaipiga Wisconsin 59 kwa 0, kamati ikawapa nafasi ya nne, na Januari 2015 wakawa mabingwa wa taifa kwa kuifunga Oregon 42 kwa 20. Jones aliruhusiwa kujaribiwa uwanjani. Kijana wa Florida State alihukumiwa mezani kwa mechi ambayo hajaicheza.

Wapo watakaomjibu mumeo kwamba Georgia waliwafunga 63 kwa 3 kwenye Orange Bowl, mechi ya mwaliko ya kufunga msimu. Mwambie ajibu hivi: wachezaji wao wengi wa kikosi cha kwanza hawakuvaa jezi siku ile, kwa kuwa hakukuwa na ubingwa wa kugombea. Kuachwa nje ndiko kulikoivunja ile timu.

Si bora kompyuta ifanye kazi hiyo? Haina upendeleo. (Msomaji, Nairobi)

Ilijaribiwa. Kuanzia 1998 hadi 2013 ulikuwepo mfumo wa BCS uliochanganya kura na kompyuta kupata timu mbili za fainali. Mwaka 2003 USC walikuwa wa kwanza kwa waandishi na wa kwanza kwa makocha, lakini hesabu ikawaweka wa tatu. Fainalini wakaenda Oklahoma, ambao walikuwa wametoka kufungwa 35 kwa 7 na Kansas State, na wakapigwa na LSU 21 kwa 14. AP wakawapa USC taji lao hata hivyo. Mwaka uliofuata Auburn walimaliza bila kufungwa na hawakuonja fainali. Kompyuta haina upendeleo, sawa, ila aliyeiambia ihesabu nini na kwa uzito gani ni binadamu.

Sasa timu ni 12. Malalamiko ya nini tena? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mlango umepanuliwa, ugomvi umehamia kwenye nafasi ya 10. Desemba 2025 Notre Dame walikuwa wa 10 na Miami wa 12. Wikiendi ya fainali za konferensi wote wawili walipumzika nyumbani. Orodha ya mwisho ilipotoka, Miami wakawa wa 10, Notre Dame wa 11, na kwa kuwa nafasi za mwisho huenda kwa mabingwa wa konferensi, Notre Dame wakatolewa. Sababu iliyotolewa: BYU waliokuwa katikati yao walifungwa wakashuka, basi timu hizi mbili zikakaa bega kwa bega, na hapo ndipo kamati ikaitazama mechi ya Agosti 31 ambayo Miami walishinda 27 kwa 24.

Kwangu Miami walistahili. Walimfunga mwenzao uwanjani, na baadaye walifika hadi fainali. Lakini ushindi ule ulikuwepo tangu Agosti! Kwa nini Novemba yote uwekwe kabatini, hadi timu ya tatu ifungwe? Notre Dame walikasirika hadi wakakataa mechi ya mwaliko ya kufunga msimu (bowl) waliyostahili kucheza. Siwalaumu. Kumwambia mtu kwa wiki nzima kwamba yumo, halafu umtoe bila yeye kucheza, si utu.

Timu ndogo zina nafasi yoyote? (Msomaji, Kampala)

Sasa ipo, kwa sababu mabingwa watano wa konferensi wanaingia moja kwa moja. 2025 waliingia Tulane na James Madison. Zamani njia ilikuwa finyu mno. UCF ya 2017 ilimaliza na ushindi 13 bila kufungwa, na iliwafunga Auburn, waliokuwa wamezifunga Alabama na Georgia msimu huo huo. Fainali ya taifa wakacheza Alabama na Georgia.

Wajumbe wa kamati hawavutii vyuo vyao? (Msomaji, Toronto)

Mjumbe mwenye uhusiano wa karibu na chuo hutoka nje ya chumba kinapojadiliwa. Utaratibu huo ni mzuri, nawapa haki yao.

Ungepewa mamlaka, ungeanza na lipi? (Msomaji, Tanga)

Bingwa wa konferensi kubwa ambaye hajafungwa asijadiliwe, aingie. Timu mbili zikiwa na rekodi sawa na zimekutana, mshindi awe juu kuanzia orodha ya kwanza. Na kura ziwe wazi. Waandishi wa AP kura zao huonekana, kila mmoja kwa jina lake, na mashabiki huwauliza wiki nzima. Wajumbe wa kamati hupiga kura ya siri, kisha mwenyekiti anakuja peke yake kwenye kamera kutusemea wote. Mwaka ule wa 2023 walikuwa 13. Mpaka leo ningependa kila mmoja aseme kwa jina lake aliandika nini, Travis na wenzake wakiwa wamekaa mbele yake.