Ukija Tanga, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi

Ndugu na marafiki wanaopanga kuja kututembelea Tanga huniuliza habari za nyumba za wageni na nauli za basi, nami huwauliza wanakusudia kuja tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Sehemu kubwa ya vivutio vya mji wetu iko pwani, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, kiasi kwamba mahali palipokuwa pa kuogelea alfajiri huwa matope na mwani mtupu ifikapo saa nne asubuhi. Mgeni asiyelijua hilo huondoka akiamini kwamba Tanga haina bahari ya kufurahia, na neno hilo hunisikitisha kila nilisikiapo, kwa kuwa angesubiri hadi alasiri angeyaona maji yale yale yamejaa hadi ukingoni.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuukumbuka. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha hujaa karibu na saa kumi jioni, na kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Baada ya wiki moja huingia maji mafu, na hapo hali hugeuka, yaani maji hujaa kwa kiasi asubuhi na kupwa alasiri. Kwa mtu mwenye siku mbili au tatu tu ningeshauri achague bamvua, kwa sababu asubuhi anaweza kuitumia kwa magofu na mapango, na jioni akateremka kwenye rasi ya Raskazone kuogelea bila kupoteza saa hata moja.

Asubuhi ya kwanza ningeitoa kwa barabara ya Pangani, kusini mwa mji. Kwenye upande huo iko Machui, ambako katika kijiji cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1962. Anayeisoma lugha hii na kuipenda asipite bila kusimama. Ukiendelea mbele, umbali usiofika kilomita 20 kutoka mjini, utafika Tongoni, na hapa nawasihi wageni wasiende kwa haraka. Kuna msikiti wa mawe ya matumbawe ambao kibla chake bado kinaonekana, na pembeni yake makaburi mengi ya waungwana wa zamani, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe ambazo nyingi zimekwisha kuanguka. Mji huu ulikuwa na biashara yake kabla Mreno yeyote hajaiona pwani hii. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498, na aliporudi kutoka India mwanzoni mwa mwaka 1499 aliichoma merikebu yake moja, São Rafael, katika maji ya karibu na hapa, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Ukiwa na mlinzi wa mahali hapo mwombe akueleze kaburi baada ya kaburi, na usipande juu ya kuta wala kuegemea nguzo kwa ajili ya picha. Kilichobaki ni kidogo na hakina mbadala.

Mji wenyewe uzungukie kwa miguu au kwa baiskeli, kwa kuwa ardhi yake ni tambarare na watu wa hapa wameizoea baiskeli tangu zamani. Anzia Boma la zamani la Wajerumani, lililo na makumbusho ya Urithi, ambako picha za kale zitakuonyesha mitaa utakayoipita baadaye. Kisha tembea hadi kwenye mnara wa saa, upande wa Bustani ya Jamhuri inayotazama bandari, na uendelee hadi Bombo, kulikosimama jengo kuu la hospitali ya zama za Wajerumani. Hapo utazame kutoka nje tu, kwa sababu eneo hilo ni la wagonjwa na si la matembezi. Ujenzi wa reli ya kwenda Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyoijaza bandari hii marobota kwa miongo mingi. Bila mkonge na reli huwezi kuelewa kwa nini mji ulipangwa hivi, wala kwa nini watu wa makabila mengi ya mbali wana makaburi ya babu zao hapa.

Ng'ambo ya pili ya mji ni Ngamiani, yenye barabara pana zilizonyooka na zinazoitwa kwa namba. Wageni wengi huiruka, nami naona wanakosea, kwa maana huko ndiko Tanga inakoishi: mafundi cherehani, misikiti, wauza kahawa, akina mama wenye vitumbua na bajia za moto, na pweza wa supu jioni. Ikiwa siku zako zitaangukia mchezo wa Coastal Union katika uwanja wa Mkwakwani, nunua tiketi. Timu hiyo ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na wazee wa mji bado wanaweza kukutajia kikosi kizima.

Raskazone ni ya alasiri. Kabla hujaingia majini, ujue kwamba katika rasi hii ndipo jeshi la Uingereza kutoka India, lenye watu wapatao 8,000, lilipoteremka mwanzoni mwa Novemba 1914, likashindwa na kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika wapatao 1,000. Makundi ya nyuki waliochokozwa na risasi yaliwashambulia wapiganaji, na ndiyo maana vita hivyo vinakumbukwa kwa jina la nyuki. Kisiwa cha Toten, kilicho mbele ya bandari na chenye magofu ya misikiti na makaburi, nacho kinahitaji maji mengi, kwa kuwa kimezungukwa na mikoko na chombo hakifiki karibu maji yakipwa. Patana bei na nahodha kabla ya kuondoka, ya kwenda na kurudi, na umuulize yeye saa ya kurudi badala ya kumpangia.

Mapango ya Amboni yako kilomita zipatazo 8 kaskazini, kando ya barabara ya Horohoro. Usiingie bila mwongozaji, vaa viatu visivyoteleza, na kama una hofu ya mahali pembamba sema mapema ili akupitishe njia pana. Mwamba wake wa chokaa una umri wa takriban miaka milioni 150, na maji ndiyo yaliyouchonga. Utasimuliwa kwamba yapo mapango yanayofika Mombasa au Kilimanjaro. Sikiliza kwa adabu, ila hadithi ya kutafakari zaidi ni ya Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu katika miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Sehemu moja ya pango ni mzimu, na utaona ubani, vitambaa na chupa za marashi zilizoachwa na waliokuja kuomba. Usiguse chochote, na usimpige picha mtu aliyemo katika maombi yake. Ukiweza, panga ziara hii iishie magharibi, uwaone popo wakitoka kwa makundi.

Mavazi ya heshima yanafaa mjini kote, na nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, lakini jioni zake ni nzuri kuliko za mwezi mwingine wowote, hivyo nisingemzuia mtu kuja. Ninaowazuia ni wanaotaka kuja Aprili na Mei, kwa kuwa masika ya huku ni mvua nyingi kweli, na njia ya kwenda Tongoni huchosha. Juni hadi Agosti kuna baridi ya kupendeza na machungwa ya Muheza kila kona. Ukipata siku ya ziada, isiende kwenye mji huu tena: chukua basi hadi Pangani, safari ya takriban kilomita 50, ukalale huko usiku mmoja.